Muwa wa Shangazi Chiru

Asubuhi ya siku ya kwanza ya sikukuu ya Bon, Ganaha Kenyu alitandika gunia kwenye baraza ya ukumbi wa kijiji cha Agarihama, akatoa fimbo zote stoo, akaanza kuzisugua moja moja kwa kitambaa chenye mafuta. Fimbo za kijiji ni za mwaloni mwekundu, ndefu kumzidi aliyezishika, na zisipopakwa mafuta joto la mwezi wa nane huzipasua. Alipomaliza aliona yake haipo. Hakujisumbua kuitafuta. Aliinua macho tu, akamwona shangazi yake Chiru ameketi kwenye ukingo wa tangi la maji ng'ambo ya uwanja, fimbo imelala mapajani mwake.

Shangazi Chiru alifariki Kenyu akiwa darasa la pili.

"Umeamkaje, shangazi?"

"Salama. Hiyo uliyoegemeza mlangoni ina ufa karibu na ncha. Siku moja itamng'oa mtu jicho."

Kenyu akaikagua, akauona ufa, akaitenga ile fimbo pembeni.

Wafu wote wa Agarihama hurudi siku za Bon, wakakaa makwao siku tatu na jioni ya tatu wakaondoka. Hakuna anayewaona, kwa sababu wana pa kukaa. Majina yao yameandikwa kwenye vibao vidogo, vibao vimepangwa kwenye madhabahu ya nyumba, na mbele yake kuna wali, supu, nanasi na pombe ya mchele. Chiru hana pa kukaa, kwa hiyo anaonekana. Hakuolewa, na kwetu mwanamke ambaye hakuolewa haingii kwenye madhabahu ya kaka yake. Wazee wanasema akiingia, nyumba hukatika uzazi. Basi kibao chake kiko jikoni kwa Kenyu, kwenye rafu ya juu, kati ya pipa la chumvi na kikaango cha mayai, na Bon ikifika yeye hukaa nje. Watu humsalimia. Akina mama humpelekea chai, na watoto wakipita na baiskeli karibu na lile tangi hupunguza mwendo.

Tatizo ni safari ya kurudi. Kila madhabahu huwekewa miwa siku hizo, mirefu na minyoofu, ili wafu wapate mikongojo ya njiani. Njia yenyewe haijulikani ikoje, lakini inaonekana ni mbaya, maana hata vijana waliokufa na nguvu zao huwekewa. Muwa hukatwa kwa ajili ya wenye majina madhabahuni. Chiru hakatiwi. Kwa hiyo huchukua fimbo ya Kenyu, na asubuhi ya siku ya nne Kenyu huikuta imeegemezwa kwenye kaburi la ukoo, ncha ya chini imelika na ina udongo mwekundu usiopatikana popote kisiwani. Ni fimbo aliyoachiwa na baba yake. Zamani ilimpita kichwani. Sasa inamfika kwenye nyusi.

Kenyu ndiye kiongozi wa kikundi cha mchezo wa fimbo, kama baba yake, mzee Seitoku, alivyokuwa. Na mwaka huo alikuwa na jambo zito. Siku ya tatu ya Bon angekuja Profesa Kuwae kutoka mjini Naha, pamoja na watu wa kamera, kuitazama fimbo ya Agarihama na kuuliza ilikotoka. Wakiridhika, ingeingizwa kwenye urithi wa mkoa, na kijiji kingepewa kibao cha kutundika ukumbini. Wenzetu wa Nakabari walipata chao miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hawasalimiki.

Ilikotoka, kila aliyezidi miaka sitini kijijini anajua, na kila mmoja anajitia hamnazo.

Fimbo yetu huchezwa na watu wawili. Mmoja hupiga, mwenzake hupokea, na anayefanya peke yake ni kama anayekuna mgongo wa hewa. Babu yake Kenyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Seitoku, na huyo alikwenda Osaka kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi. Babu akabaki hana wa kumpokelea. Basi akawa anamchukua binti yake, Chiru, wanakwenda kwenye ua wa kaburi la ukoo, mahali ambapo watu hawapiti ovyo, na pale akamfundisha. Mwanamke kushika fimbo ulikuwa mkosi, lakini mzee alijiambia kwamba binti hapigi, anapokea tu. Binti akapokea mpaka akajua yote.

Kisha vita vikaja. Wanaume waliojua fimbo walipelekwa kusini na jeshi, babu akiwa miongoni mwao, na hakurudi hata mmoja. Nyumba ziliungua, na fimbo zikaungua pamoja nazo. Seitoku alirudi kutoka Osaka akakuta dada yake anaishi kwenye hema, na watu wanapiga zeze walizotengeneza kwa makopo ya nyama ya Wamarekani. Wazee waliosalia walikuwa wakilia kwamba kijiji kimepoteza fimbo yake. Chiru akamwambia kaka yake achukue ufito wa hema.

Hakushika fimbo mbele za watu. Alichukua vipande vya mianzi ambavyo wanawake huvigonganisha mikononi wakicheza, akacheza ngoma ya wanawake pale uani, polepole, na Seitoku akamfuata na ule ufito. Alipogeuza nyonga, kaka yake aligeuza nyonga. Alipoinamisha macho na kulegeza viganja, ndipo pigo la adui linapopita bila kugusa mtu. Wapita njia waliona dada anacheza na kaka anapunga mti, wakasema masikini, vita vimewavuruga.

Katika sherehe ya kwanza baada ya vita Seitoku alitoka uwanjani na fimbo nzima, kuanzia salamu hadi mwisho. Watu walilia. Wakamuuliza nani kamfundisha, mtu aliyekuwa Osaka miaka yote hiyo. Seitoku akasema, "Baba." Chiru wakati huo alikuwa anagawa viazi vitamu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Hii ya kwetu ilikuwa imekwenda nusu karne, na haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Binti pekee wa Kenyu, Ritsuko, muuguzi huko Naha, alifika nyumbani siku ya pili na begi na sanduku la keki. Alikuwa amepita thelathini na hajaolewa, jambo ambalo jirani zetu walimkumbusha kabla hajavua viatu. Alipeleka keki madhabahuni kwa mama yake marehemu, halafu akapeleka kipande jikoni kwenye ile rafu, halafu akatoka na kipande kingine hadi kwenye tangi, kwa sababu alijua cha rafuni Chiru hakifikii.

Jioni walikuwa wanamenya kunde, yeye na baba yake.

"Baba, kesho utamtaja?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Sentensi moja tu. 'Baba yangu alifundishwa na dada yake.' Haichukui hata dakika."

Kenyu alimenya kunde mbili tatu. "Baba yangu yuko hapo madhabahuni anasikiliza."

"Na yeye yuko nje anasikiliza. Tofauti ni kwamba yeye ananyeshewa."

Kweli manyunyu yalikuwa yameanza. Kenyu akachukua mwavuli, akampelekea shangazi yake, akarudi. "Nitamtaja," akasema, na alimaanisha.

Siku ya tatu profesa alifika mapema. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye leso shingoni kwa ajili ya jasho. Alitandikiwa mkeka kwenye kivuli cha ukumbi, kando yake akakaa baba mdogo Zenei, binamu wa marehemu Seitoku na mkubwa wa ukoo, amevaa suti ya msibani kwa sababu ndiyo pekee aliyo nayo. Chiru naye alikuja akakaa mwisho wa mkeka. Profesa alisogea kumpisha, akammiminia chai, akamwomba radhi kwamba imepoa.

"Tunaanza?" aliuliza mtu wa kamera.

Kenyu alikwenda kwa shangazi yake. "Shangazi, naomba fimbo."

Akampa.

Alicheza na Bunkichi, mpiga ngoma wetu mnene, ambaye akishika fimbo huwa mwepesi ajabu. Mwaloni uligongana na mwaloni mpaka ndege wakahama paa. Walipofika mahali pa nyonga na macho, Chiru alitoa mianzi yake mfukoni, akawa anagonga taratibu, na Kenyu akageuka, akalegeza viganja, na pigo la Bunkichi likapita hewani. Profesa aliacha kujipangusa jasho.

"Pale!" alisema. "Pale pana ngoma ya wanawake kabisa. Nimezunguka visiwa vyote sijapata kuona kitu hicho kwenye fimbo. Kimetoka wapi?"

Kenyu alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa tayari, ameipanga tangu alfajiri. Akamwona baba mdogo Zenei anamtazama, na nyuma yake kijiji kizima na watoto mabegani, na kwenye ukuta wa ukumbi picha ya baba yake katika fremu nyeusi.

"Marehemu baba," alisema, "alikuwa mtu wa kubuni sana."

Zenei aliitikia kwa kichwa. Profesa aliomba warudie pale, kamera isogee. Kenyu akajipanga tena, na alipogeuka mara hii kiwiko kilimpanda. Chiru aliweka kikombe chini, akainuka, akaingia uwanjani, akamshusha kiwiko kwa vidole viwili, akarudi kukaa. Kamera ilichukua yote.

"Na huyu mama ni nani?" aliuliza profesa.

Ritsuko alikuwa amesimama karibu na mlango wa ukumbi na birika la chai, hakuwa anapepesa macho.

"Ni jamaa tu," alisema Kenyu. "Huwa anakuja sikukuu."

Profesa akamgeukia Chiru kwa adabu, kama anayetaka kuthibitisha.

"Ni kweli," alisema Chiru. "Huwa nakuja."

Kenyu alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikupasuka. Si aibu ya kuangusha bakuli mbele ya wageni, ile huchekwa ikaisha. Hii haikuisha. Alimaliza fimbo, akainama, akapigiwa makofi. Profesa aliuliza mbona fimbo yake ni fupi kuliko za wenzake, Kenyu akajibu kwamba ni uzee.

Jioni ndiyo ya kuwaaga wafu. Ukoo ulijaa nyumbani kwa Kenyu, watoto wa watoto wa Zenei wakikimbizana hadi wakaangusha trei. Miwa miwili ilisimama pande mbili za madhabahu. Zenei alipokwenda jikoni kutafuta kiberiti aliukuta wa tatu. Umeegemezwa chini ya ile rafu, umekatwa vizuri, majani yamefungwa juu kwa uzi.

"Huu wa nani?"

"Wa shangazi Chiru," alisema Ritsuko. "Nimeukata mimi."

"Mwanangu, muwa ni wa walio madhabahuni."

"Basi tumpeleke madhabahuni."

Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo wakaacha kuosha. Zenei hakukasirika. Ni mtu mpole, na ndiyo maana hashindiki.

"Nyumba ya watu ina mpango wake," alisema. "Sikuuweka mimi. Na leo, siku yenyewe ya leo, ambapo jina la Seitoku limeingia mkoani? Nakabari wakisikia tumefundishwa na mwanamke, tena aliyekosa mume, watatucheka mpaka meno yawadondoke."

"Na mimi nikifa mtaniweka wapi, babu? Hapo karibu na kikaango?"

"Wewe olewa, mambo yaishe," alisema Zenei, na watu wakacheka, wakashukuru kwamba kuna cha kucheka. "Kenyu, nyumba ni yako. Amua, moshi wa ubani unaisha."

Kenyu aliuchukua ule muwa. Ulikuwa mzito, umejaa maji. Kutoka jikoni hadi madhabahuni ni hatua chache tu, mtu hupita na bakuli la supu bila kumwaga. Alifika katikati, akasimama. Madhabahuni kibao cha baba yake kilikuwa mbele kabisa, kimepakwa rangi nyekundu na dhahabu. Kwenye mlango wa nyuma alikuwa amesimama Chiru na mwavuli wa jana, amekuja kuurudisha.

Wote walimngoja. Kenyu aliketi chini, akachukua kisu cha nanasi, akaanza kuumenya muwa.

"Watoto wanataka kitu kitamu," alisema.

Akaukata vipande, akawagawia. Wajukuu wa Zenei walitafuna, maji yakiwachuruzika videvuni, na kelele zikarudi nyumbani. Kenyu hakuinua macho mpaka kisu kilipogusa fundo la mwisho.

"Ulikuwa muwa mzuri," alisema Chiru. Alitundika mwavuli kwenye msumari wake, akaichukua fimbo ya Kenyu iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akatoka. Walichoma karatasi za fedha za wafu, wakainama, wakawaaga waliokuwa madhabahuni kwa majina yao. Nje ilisikika fimbo ikigonga barabara, tok, tok, kuelekea kaburini. Ritsuko alichukua begi lake akapanda basi la mwisho la Naha. Bon iliyofuata alisema yuko zamu.

Kibao cha mkoa kilikuja mwaka huo wa pili, cha mbao ya mwerezi, na maandishi ya dhahabu yaliyosema kwamba fimbo ya Agarihama ilirithishwa na Ganaha Seitoku. Bunkichi ndiye aliyekitundika juu ya mlango wa ukumbi, na Bunkichi ni mpiga ngoma, si seremala. Kilikaa upande. Wanaume walikitazama wakasema kimependeza.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya Bon walikuwa wote barazani wanasugua fimbo, na Chiru kwenye tangi lake. Kenyu alikuwa amemwekea mto wa kukalia, wa hariri, wa bei. Ndivyo alivyofanya badala ya kumtaja. Chiru alikitazama kibao muda mrefu. Kusoma alijua, alisoma shule hadi darasa la nne.

"Kimepinda," alisema.

Alishuka, akavuka uwanja, akasimama chini ya mlango. Akapanga miguu. Akakisukuma kibao pembeni kwa ncha ya fimbo, kutokea nyongani, bega halikusogea, na ncha ilipogusa mbao ilisimama hapohapo, bila kishindo. Kibao kilinyooka.

Wanaume waliacha kusugua. Fimbo yetu huishia kwa msukumo wa namna hiyo, na huo ndio uliokuwa ukitutesa miaka yote. Kila mtu aliumaliza akianguka mbele kidogo, kama aliyekosea ngazi. Seitoku mwenyewe aliumaliza hivyo, huenda siku ile ya ufito alichoka kabla ya dada yake.

"Kumbe ni nyonga!" alisema Bunkichi. "Shangazi, rudia tuone."

Chiru alirudia, hewani, mara kadhaa, akitazama vidole vyao vya miguu. Kufikia mchana hata wavivu walikuwa wameupata. Jioni ya tatu miwa ilikuwa miwili kama kawaida, na Kenyu alimpa shangazi yake fimbo kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa hadi kifuani. Ilikuwa inamfika puani sasa. Chiru aliipokea, akashukuru, akaenda zake.

Vuli ilipofika, Profesa Kuwae alirudi na kamera. Aliutazama ule msukumo wa mwisho, akaomba aonyeshwe tena, akasema kitu kizuri namna hii hakijawahi kurekodiwa, na kwamba lazima kina jina.

Kenyu alitazama kibao juu ya mlango. Kilikuwa kimenyooka kabisa.

"Msukumo wa Seitoku," alisema, na masikio yakamwaka moto, na profesa akaandika.